Jicho la Jirani Baharini



Tarehe 25 Septemba, 2008, maharamia waliiteka meli Faina nje ya pwani ya Somalia. Meli hiyo ilikuwa njiani kwenda Mombasa, imepakia vifaru 33. Manowari za Marekani ziliizingira. Hata hivyo haikuachiliwa mpaka tarehe 5 Februari, 2009, baada ya kikombozi kulipwa.

Funzo ni dhahiri. Kuitazama meli iliyokwisha kutekwa si ulinzi. Ulinzi ni kujua mapema ni chombo gani, kiko wapi na kinaelekea wapi.

Tangu mwisho wa mwaka 2004, sheria za kimataifa huzitaka meli za tani 300 na zaidi zisafirizo baina ya nchi na nchi ziwe na mtambo wa redio unaotangaza jina, mahali na mwendo wake. Lakini mtambo huzimika, pengine kwa mkono wa nahodha mwenyewe akihofia kufuatwa. Na mashua za maharamia hazina mtambo huo.

Ndiyo sababu tarehe 29 Januari, 2009, nchi 9, zikiwamo Kenya, Somalia na Tanzania, zilitia sahihi Mwongozo wa Djibouti, zikakubaliana kupashana habari kupitia vituo vya Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a.

Kituo hakina macho yake. Macho yake ni askari wa doria. Aonaye mashua ya mashaka akanyamaza, amemnyima jirani nafasi ya kujihadhari. Bahari yetu ni moja. Asiyemwonya jirani leo, kesho naye hataonywa.