Istilahi za Pete za Vito: Udodi, Chamburo na Yakuti

Yeyote anayekusudia kueleza kwa Kiswahili pete ya dhahabu iliyosukwa kwa nyuzi na kutiwa vito vya buluu na vya zambarau hukabiliwa na maswali mawili. Kazi hiyo ya nyuzi iitweje? Na vito hivyo viitwe kwa majina gani? Wako wanaodhani kwamba lugha yetu haina jibu, kwa hiyo hukimbilia kuazima. Historia ya uwanda wa kati wa Tanzania yaonyesha vingine.

Tuanze na nyuzi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika Mpwapwa, kisha ikavuka Ugogo, nchi yenye uhaba wa maji. Huko watawala walitoza hongo, nayo ililipwa kwa nguo, ushanga na nyaya. Nyaya nene ziliitwa masango. Uzi mwembamba wa kufanyia mapambo ya mkono na mguu uliitwa udodi. Sonara wa pwani naye alikuwa na maneno yake. Alisubu dhahabu katika kalibu, akaifua juu ya fuawe, akaivuta katika matundu ya chamburo mpaka ikawa uzi, kisha akaziunga nyuzi kwa lehemu. Maneno haya yamehifadhiwa katika kamusi za zamani. Basi kazi hiyo yaweza kuitwa nakshi ya udodi, bila kuazima neno lolote.

Sasa tuje kwenye vito. Neno yakuti tumelipata kwa Waarabu. Katika karne ya 11 mtaalamu al-Biruni aliyajumuisha chini ya jina hilo mawe mekundu, ya manjano na ya buluu. Sayansi ya leo yaafikiana naye: yote ni madini ya aina moja, yaani muungano wa alumini na oksijeni. Chembe za kromiamu huyapa wekundu. Chuma na titani huyapa rangi ya buluu.

Jambo hili lilidhihirika katika wilaya ile ile ya Mpwapwa. Mwishoni mwa mwaka 2007 vito hivyo viligunduliwa Winza, na mwaka 2008 maelfu ya wachimbaji walimiminika huko. Baadhi ya mawe ya Winza yana wekundu na buluu ndani ya jiwe moja. Anayeita jekundu rubi na la buluu safaya, kana kwamba hayana udugu, hawezi kulitaja jiwe kama hilo ila kwa kubabaika. Anayesema yakuti nyekundu na yakuti samawi halimpi taabu, kwani jina la ukoo analo tayari.

Amethisto, neno lililozoeleka kwa wasomaji wa Biblia ya Kiswahili, ni jiwe la ukoo mwingine. Hilo ni kwatzi, yaani silika. Katika kipimo cha ugumu kilichowekwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, yakuti hupata 9 na amethisto 7. Hata hivyo ipo pia yakuti ya zambarau, na kwa macho tu mawili hayo huweza kufanana, ingawa bei zake hazilingani. Mchimbaji anayeyachanganya majina huweza kuuza yakuti kwa bei ya amethisto. Mnunuzi wa pete naye huweza kupunjwa kwa upande wa pili.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba yakuti ibaki jina la ukoo, likifuatwa na rangi. Amethisto itengwe kwa kwatzi ya zambarau. Na nakshi ya udodi itumike kwa kazi ya nyuzi. Aidha, wakusanyaji wa istilahi waende kwenye karakana za masonara na kwenye machimbo kabla ya kubuni maneno mapya. Neno likiachwa kamusini pasipo kutumiwa, mwenye kupata hasara ni yule aliyelihitaji sokoni.