Kaunti imempa jirani kibali cha ghorofa? Ombudsman anaweza haya, mengine hawezi

Mjengo ukianza kwenye ploti ya jirani, swali la kwanza la wakazi huwa moja: nani alitoa kibali? Nchini Kenya, jibu ni serikali ya kaunti. Swali la pili ndilo gumu: malalamishi yanapelekwa wapi?

Wengi hukimbilia Tume ya Haki ya Utawala (CAJ), maarufu kama Ombudsman, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kaulimbiu yake ni "Hata mnyonge ana haki" na huduma zake ni za bure. Lakini ina mipaka, na asiyeijua anaweza kupoteza nafasi ya rufaa.

Siku 14 pekee

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inampa aliyeomba kibali, au yeyote anayeathirika na uamuzi, siku 14 kukata rufaa. Rufaa hiyo huenda kwa kamati maalum ya kaunti inayosikiza mizozo ya mipango, nayo ina siku 14 kuamua. Asiyeridhika huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Leseni ya NEMA ina njia yake: rufaa hupelekwa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60.

Kuandikia Ombudsman hakusimamishi siku hizo. Mkazi anayengoja jibu la CAJ huku muda ukiyoyoma anaweza kujikuta amechelewa, na ghorofa limeshafika juu.

Anachochunguza Ombudsman

Ombudsman haulizi kama jengo linapendeza au linaziba jua. Anaangalia jinsi ofisi ya umma ilivyofanya kazi. Kwa mfano:

- Umma haukujulishwa kuhusu mradi, ingawa sheria inataka watu wapewe nafasi ya kupinga.
- Barua za pingamizi zilipokelewa, kisha zikakaliwa.
- Afisa anamzungusha mkazi: njoo kesho, njoo wiki ijayo.
- Kaunti inakataa kueleza sababu za uamuzi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa aliyeathirika haki ya kupewa sababu hizo kwa maandishi.

Tume ikipata kosa, inaweza kupendekeza hatua zichukuliwe, hata fidia. Haiwezi kufuta kibali wala kuzima mashine za mkandarasi. Pia haigusi jambo ambalo tayari liko mbele ya mahakama. Kama afisa aliitisha hongo, hiyo ni kazi ya EACC.

Kupata faili

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuomba nakala za kibali na ramani. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ikinyamaza au ikikataa, CAJ ndiyo husikiza malalamishi hayo, na hapa ina meno zaidi.

Hesabu ni rahisi: 21 ni nyingi kuliko 14. Anayengoja faili ndipo akate rufaa atachelewa. Ombi la nakala na rufaa vinafaa kwenda pamoja.

Jinsi ya kulalamika

Malalamishi yanaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi, na mtu anaweza kutuma mwakilishi. CAJ hupokea malalamishi katika ofisi zake, mtandaoni na kwenye baadhi ya vituo vya Huduma Centre. Mlalamishi aandae:

1. Nambari ya ploti na mahali ilipo.
2. Tarehe: lini mjengo ulianza, lini aliandikia kaunti.
3. Nakala za barua zenye muhuri wa kupokelewa.
4. Picha za eneo, ukiwemo ubao wa mradi.
5. Anachotaka kifanyike, kwa sentensi moja.

Barua yenye muhuri ndiyo huokoa wengi. Pingamizi la mdomo kwa askari wa geti au kwa afisa wa wadi haliachi alama yoyote, na kaunti ikisema haikuambiwa, mkazi hana cha kuonyesha.