Wagombea wa vyama vidogo mtandaoni: funzo la Kibera na Kawangware

Uchaguzi ukikaribia, kurasa za uchaguzi huchipuka mtandaoni kama uyoga. Nyingine ni za vyombo vya habari, nyingine za mashirika, nyingine za vijana wa mtaani. Nyingi zina tabia moja: wagombea wawili au watatu huwekwa juu kwa picha kubwa, na waliobaki hutiwa kwenye kapu moja la "wengine". Maoni yangu ni kwamba kapu hilo humnyima haki mpiga kura kabla hata ya kumnyima mgombea. Nitaeleza kwa mifano ya Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi ambayo wengi wetu wa Pwani tuna jamaa huko, kisha nitagusa hesabu za urais.

Nani ni mgombea mdogo?

Sheria ya Kenya haina daraja la "mgombea mdogo". Mgombea akishaidhinishwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), jina lake huingia kwenye karatasi ya kura pamoja na wenzake. Mgombea huru naye ana njia yake katika Kifungu cha 85 cha Katiba ya 2010: asiwe mwanachama wa chama kwa angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi, na aungwe mkono na wapiga kura 1,000 akitaka ubunge, au 500 akitaka uwakilishi wa wadi. Mtu aliyepita vikwazo hivyo hastahili kufutwa na mhariri kwa kubonyeza kitufe.

Isitoshe, udogo hutegemea unasimama wapi. Sisi wa Pwani tunalijua hilo. Chama cha PAA cha Amason Kingi kilipoingia uchaguzi wa 2022, kwa mtazamo wa Nairobi kilikuwa chama kidogo cha mkoani. Kwa mpiga kura wa Kilifi kilikuwa na uzito wake, na Septemba mwaka huo Kingi akawa Spika wa Seneti.

Kibra, Novemba 2019

Eneobunge la Kibra lina wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Mbunge wake, Ken Okoth, alifariki Julai 2019, na uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 7 Novemba. Wagombea walikuwa 24.

Ukiwauliza watu leo, wengi watakutajia watatu. Imran Okoth wa ODM alishinda kwa kura 24,636. McDonald Mariga wa Jubilee, mchezaji kandanda wa zamani, alipata 11,230. Eliud Owalo wa ANC alipata 5,275. Wa nne, Khamisi Butichi wa Ford Kenya, alipata 260. Waliobaki 20 hawakumbukwi.

Atakuja mtu aseme: kura 260 ni chache, mwacheni apite. Lakini hoja hiyo inaanzia mwisho. Kabla ya siku ya kura, hakuna aliyejua Butichi atapata ngapi. Anayeanza kampeni bila picha, bila sera zake kuandikwa na bila chama chake kutajwa, atamaliza akiwa hajulikani, kisha kutojulikana huko kutatumiwa kuwa ushahidi kwamba hakustahili kutajwa. Mariga alipozuiwa kwa muda kwa sababu jina lake halikuonekana kwenye sajili ya wapiga kura, nchi nzima ilisoma habari hiyo hadi alipoidhinishwa. Jambo kama hilo likimpata mgombea wa chama kisichojulikana, ni wachache watakaolisikia.

Kawangware na swali la wadi

Kawangware iko Dagoretti Kaskazini, eneobunge lenye wadi za Kilimani, Kawangware, Gatina, Kileleshwa na Kabiro. Mtu anayejiita mkazi wa Kawangware huenda anapiga kura Gatina au Kabiro. Ukurasa unaoishia kwa rais na gavana haumsaidii, kwa sababu katika uchaguzi mkuu mpiga kura hupewa karatasi sita, na ile ya mwakilishi wa wadi ndiyo iliyo karibu zaidi na mtaro na taa ya mtaani kwake. Ndiko pia wagombea huru na wa vyama vidogo wanakoweza kushindana, kwa maana mtaa unamjua mtu kabla ya chama.

Kuna suala la simu pia. Wakazi wengi wa mitaa hii husoma kwa simu, kwa bando la kununua kidogokidogo. Majina matatu yakiwa juu na mengine yamefichwa nyuma ya "bonyeza uone zaidi", kwa msomaji huyo hayo mengine hayapo.

Mahakama na midahalo

Jambo hili limewahi kufika mahakamani. Mdahalo wa urais wa 11 Februari 2013 ulipangiwa wagombea sita. Paul Muite alikwenda Mahakama Kuu kulalamikia kuachwa nje, na mwishowe wote wanane walisimama jukwaani, akiwemo mwalimu Mohamed Abduba Dida. Wananchi wengi walimjua Dida usiku huo. Alipata kura 52,848, zaidi ya Martha Karua, aliyewahi kuwa waziri.

Mwaka 2017, baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa urais, IEBC ilitaka marudio yawe ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga pekee. Ekuru Aukot wa Thirdway Alliance alishtaki, na tarehe 11 Oktoba Jaji John Mativo akaamua kwamba ana haki ya kushiriki. Wagombea wote wanane wa Agosti walirudi kwenye karatasi.

Hesabu za 2022

Asiyejali haki ya mgombea na ajali hesabu. William Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, Raila 6,942,930, George Wajackoyah 61,969 na David Mwaure 31,987. Kifungu cha 138 kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote. Ruto alivuka nusu kwa takriban kura 69,600. Wajackoyah na Mwaure kwa pamoja walipata 93,956. Kura za "wengine" zilikuwa nyingi kuliko zile zilizomtenga mshindi na mstari wa nusu.

Ukurasa unaojumlisha kura za wawili wakubwa tu utampa Ruto asilimia 50.83 badala ya 50.49. Utakuwa umekosea tarakimu ile ile inayoamua kama kuna duru ya pili.

Ukurasa wa haki unafananaje?

Haki haimaanishi kila mgombea aandikiwe maneno sawa. Anayefanya mikutano mikubwa atakuwa na habari nyingi. Ninachodai ni msingi mmoja kwa wote:

- Orodha kamili ya walioidhinishwa na IEBC, kwa mpangilio wa alfabeti, katika ukurasa mmoja.
- Taarifa zile zile kwa kila mmoja: jina, picha, chama au alama, na nafasi anayowania.
- Maswali yale yale kwa wote, na muda ule ule wa kujibu. Asiyejibu aandikiwe "hakujibu".
- Kura za maoni ziwekwe mahali pake, zisitumiwe kupanga orodha wala kuondoa majina.
- Aliyejiondoa abaki kwenye orodha na maelezo, kwani huenda jina lake bado liko kwenye karatasi.
- Matokeo yaonyeshe kura za kila mgombea, kura zilizoharibika, na jumla iliyotumiwa kupata asilimia.

Vyombo vya serikali vina wajibu zaidi: Kifungu cha 34 kinavitaka visipendelee na vitoe nafasi kwa maoni yanayotofautiana. Vyombo binafsi na kurasa za mitaani zinaweza kujifunga kwa kanuni hiyo kwa hiari.

Uchaguzi mkuu ujao kwa mujibu wa Katiba ni tarehe 10 Agosti 2027. Wewe msomaji, ukifungua ukurasa wowote, wa Kibra au wa Kisauni, linganisha majina yake na orodha ya IEBC ya wadi yako. Likikosekana moja, waandikie wenye ukurasa uwaulize limekwenda wapi.