Kutoka Kanzidata hadi Ubao wa Matangazo: Namna Sahihi ya Kuchora Grafu za Matokeo ya Utafiti

Takwimu zinazokusanywa kaya kwa kaya huhifadhiwa katika kanzidata ya kompyuta ofisini. Mwananchi wa Kata ya Ndalambo, Wilaya ya Momba, hukutana nazo baadaye, zikiwa zimegeuzwa kuwa grafu kwenye ubao wa matangazo au katika mkutano mkuu wa kijiji, ambako vipaumbele vya maji, afya na elimu hujadiliwa. Grafu iliyokosewa inaweza kuhamisha kisima kutoka kitongoji kinachokihitaji zaidi.

Mkoa wa Songwe wenyewe unatoa mfano mzuri wa kosa hilo. Katika Sensa ya mwaka 2012, Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu 2,707,410. Katika Sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu 2,343,754. Kompyuta ikiagizwa kuchora mihimili miwili kwa kufuata jina "Mbeya", itaonesha mkoa uliopoteza zaidi ya watu 363,000. Hakuna aliyepotea. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulianzishwa kutokana na eneo la Mbeya, na wakazi wa Ndalambo, waliohesabiwa Mbeya mwaka 2012, wakahesabiwa Songwe mwaka 2022. Takwimu za mwaka 2012 zikipangwa kwa mipaka ya sasa, Mbeya inakuwa na watu 1,708,548 na Songwe 998,862. Kwa hesabu hiyo, Mbeya iliongezeka kwa watu 635,206, na Songwe ikafikia watu 1,344,687, sawa na ongezeko la takriban asilimia 35.

Mtego huo upo hata ngazi ya chini. Neno "Momba" laweza kumaanisha wilaya nzima pamoja na Mji wa Tunduma, au Halmashauri ya Wilaya ya Momba pekee. Kwa sababu hiyo, kanzidata itambue kila eneo kwa msimbo maalumu pamoja na mwaka wa mipaka iliyotumika, badala ya kutegemea jina tu.

Programu kama Microsoft Access huweza kuchora grafu ndani yake. Wanaotumia LibreOffice Base huhamishia jedwali Calc na kuchorea huko. Vyovyote iwavyo, grafu haichorwi moja kwa moja kutoka kwenye madodoso. Kwanza kompyuta hupewa agizo la kukusanya kaya katika makundi, mathalani kwa kitongoji na aina ya choo, na kuhesabu kila kundi. Jedwali fupi linalopatikana ndilo huchorwa. Likaguliwe kwanza: je, jumla yake inalingana na idadi ya madodoso yaliyojazwa? Mara nyingi tofauti hutokana na majibu yaliyoachwa wazi, ambayo si sawa na sifuri. Kaya ambayo haikuulizwa idadi ya ng'ombe haijasema kwamba haina ng'ombe.

Uamuzi mgumu zaidi ni kati ya idadi na asilimia. Tuchukulie kitongoji kimoja kina kaya 40, na 20 kati yake hazina choo bora. Kingine kina kaya 200, na 60 hazina. Kwa idadi, kitongoji cha pili ndicho chenye mhimili mrefu. Kwa asilimia, cha kwanza kina 50 na cha pili 30. Anayekadiria mifuko ya saruji anahitaji idadi. Anayetafuta mahali ambapo hali ni mbaya zaidi anahitaji asilimia. Zote mbili zikiwekwa mbele ya wananchi, mjadala huwa wa haki. Aidha, mihimili ianzie sifuri, la sivyo tofauti ndogo itaonekana kubwa mno.

Kwa mabadiliko ya miaka mingi, grafu ya mstari inafaa zaidi, lakini nafasi kati ya miaka ipimwe. Sensa za Tanzania zilifanyika mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kati ya 1988 na 2002 kuna miaka 14, si 10. Grafu inayoweka sensa hizo kwa nafasi sawa hufanya ongezeko la kutoka watu milioni 23.1 hadi milioni 34.4 lionekane la kasi kuliko lilivyokuwa.

Katika vitongoji vidogo, faragha nayo izingatiwe. Mhimili unaoonesha kaya moja tu yenye mgonjwa wa maradhi fulani ni sawa na kumtaja kwa jina. Makundi madogo yaunganishwe kabla ya kuchora, na majina pamoja na namba za simu yasitoke kwenye kanzidata kwenda kwenye jedwali la grafu.

Chini ya kila grafu paandikwe tarehe ya ukusanyaji, idadi ya kaya zilizohojiwa na mipaka iliyotumika. Wanaotaka kulinganisha na takwimu za Sensa wanaweza kupata ripoti katika tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, www.nbs.go.tz.