Mapunye: Kwa nini dawa ya kupaka pekee haimponyi mtoto

MAPUNYE ni maradhi ya ngozi ya kichwa yanayosababishwa na kuvu. Huwashambulia zaidi watoto wa umri wa kwenda shule, lakini hata mtoto mchanga huweza kuambukizwa, hasa na ndugu zake wakubwa.

Katika mitaa yenye msongamano magharibi mwa Nairobi, kama vile Kangemi na Kawangware, watoto wengi hulala kitanda kimoja na kutumia kitana au kofia moja. Mashine ya kinyozi isiyosafishwa nayo hueneza kuvu hiyo. Paka na mbwa pia huweza kuwaambukiza watoto.

Dalili

Kichwani hutokea mabaka ya mviringo yenye magamba na mwasho. Nywele hukatika karibu na ngozi na kuacha vidoa vyeusi. Kwa mtoto mchanga, hali hii hudhaniwa kuwa ule utando wa magamba unaowapata watoto wengi baada ya kuzaliwa, ambao huisha wenyewe. Ili kupata hakika, daktari hukwangua magamba na kung'oa nywele chache zipimwe kwenye maabara.

Tiba

Wazazi wengi hukimbilia maduka ya dawa katikati mwa jiji kununua krimu. Hata hivyo, kuvu hujificha ndani ya unywele na katika kitundu unamoota, ambako krimu haifiki. Kunyoa pia hakuing'oi. Krimu zenye steroidi ni hatari zaidi: hutuliza mwasho huku kuvu ikiendelea kuenea.

Dawa ya kumeza ndiyo hufika kwenye shina la unywele. Griseofulvini, inayotumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, huzuia kuvu kukua hadi nywele safi ziote. Kwa hiyo tiba huchukua wiki sita au zaidi, na haifai kukatizwa mwasho unapokoma. Kipimo hutegemea uzito wa mtoto, na kwa mchanga ni daktari pekee anayepaswa kukikadiria.

Tiba ikicheleweshwa, huweza kuzuka uvimbe laini wenye usaha unaofanana na jipu. Usipasuliwe. Ukipuuzwa, huacha kovu ambalo nywele hazitaota tena.

Kinga

Mtoto mmoja akiugua, jamaa wote nyumbani wachunguzwe. Kila mtoto awe na kitana na taulo yake, foronya zifuliwe, naye kinyozi asafishe mashine kwa dawa ya kuua viini kabla ya kumnyoa mteja mwingine.