Muda wa risasi katika mauaji ya John F. Kennedy

Muda wa risasi katika mauaji ya John F. Kennedy ni mjadala kuhusu idadi ya risasi zilizofyatuliwa kwenye msafara wa Rais wa 35 wa Marekani mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963, nafasi iliyokuwapo kati ya risasi moja na nyingine, na kama mtu mmoja mwenye bunduki moja angeweza kuzifyatua zote. Tume ya Warren, iliyotoa ripoti yake Septemba 1964, ilijibu kwamba Lee Harvey Oswald alifyatua risasi tatu peke yake kutoka ghorofa ya sita ya Ghala la Vitabu vya Shule la Texas. Kamati teule ya Baraza la Wawakilishi ilikubali mwaka 1979 kwamba risasi zilizomuua Kennedy na kumjeruhi gavana wa Texas, John Connally, zilitoka kwa Oswald, lakini ikaongeza risasi ya nne, ya mtu wa pili, iliyokosa shabaha. Pande zote zimeifanya saa kuwa shahidi wao mkuu. Makala hii inashikilia kwamba saa hiyo imebebeshwa mzigo usio wake. Filamu ya tukio hilo hupima lini mwili ulionekana kuitika. Haipimi lini bunduki ililia. Hoja ya sekunde ina nguvu pale tu inapofungwa kwenye ushahidi wa vitu: majeraha, nguo, gari na risasi zenyewe.

Saa inayozungumzwa ni kamera ya milimita 8 ya Abraham Zapruder, mfanyabiashara wa nguo aliyesimama kando ya barabara katika uwanja wa Dealey Plaza. FBI iliipima kamera hiyo na kukuta inapiga wastani wa fremu 18.3 kwa sekunde. Katika filamu nzima ni pigo moja tu lisilobishaniwa, nalo ni lile la kichwani kwenye fremu ya 313. Pigo la kwanza mwilini mwa rais halionekani, kwa sababu gari lilikuwa limefichwa na bango la barabarani. Linapojitokeza, kwenye fremu ya 225 hivi, Kennedy tayari anaanza kuitika. Tume ilisema alipigwa kati ya fremu ya 210 na 225. Mpaka wa 210 haukutoka katika filamu hata kidogo. Ulitokana na mti: ukichungulia kutoka dirisha la ghorofa ya sita, gari lilikuwa limezibwa na majani ya mwaloni karibu muda wote tangu fremu ya 166 hadi 210, na Tume ikaona si rahisi mtu kufyatua huku haoni shabaha. Kwa hiyo nusu ya hesabu maarufu zaidi ya mauaji haya, yaani sekunde 4.8 hadi 5.6, ilijengwa juu ya dhana kuhusu nia ya mpigaji. Huenda dhana hiyo ni sahihi, lakini si kipimo cha kamera.

Hesabu hiyo imeharibiwa zaidi na warithi wake. Bunduki iliyokutwa ghalani, Mannlicher-Carcano ya milimita 6.5, ilihitaji angalau sekunde 2.3 kukoki na kufyatua tena katika majaribio ya FBI, na karibu na dirisha yaliokotwa maganda matatu. Wengi huzidisha 2.3 kwa tatu, wakapata karibu sekunde 7, wakatangaza kwamba jambo haliwezekani. Lakini nguzo tatu za uzio zina nafasi mbili tu kati yake. Risasi ya kwanza haina muda wa kukokiwa unaohesabiwa, hivyo kinachohitajika ni sekunde 4.6. Isitoshe, 5.6 ni muda kati ya mapigo mawili yaliyofika mwilini. Kama moja ya risasi tatu ilikosa shabaha na ndiyo iliyotangulia, muda wote unarefuka, na ripoti ya Tume ilikiri kwamba unaweza kuzidi sekunde 7. Kamati ya 1979 iliweka mlio wa kwanza karibu na fremu ya 160. Kutoka hapo hadi 313 ni fremu 153, yaani takriban sekunde 8.4, muda unaomtosha hata mlenga shabaha wa kawaida.

Fundo lenyewe halipo katika jumla hiyo. Lipo kati ya Kennedy na Connally, aliyeketi mbele yake. Tume ilikadiria kwamba gavana hakuwa tena katika mkao wa kupata majeraha aliyopata baada ya fremu ya 240 hivi. Tangu 210 hadi 240 ni fremu 30, sekunde 1.6 tu. Bunduki moja isingeweza kuwapiga wawili hao kwa risasi mbili ndani ya muda huo. Ama risasi moja iliwapitia wote, ama kulikuwa na bunduki mbili. Wapinzani wa Tume wana haki kusema kwamba msaidizi wake Arlen Specter na wenzake walisukumwa kwenye risasi moja na saa, na kwamba ripoti ilikwepa suala hilo kwa kudai haikuwa lazima kuamua ni risasi ipi iliyompiga gavana. Ilikuwa lazima. Hata hivyo, wazo kuzaliwa kwa shida ya ratiba hakulifanyi kuwa la uongo. Linapaswa kupimwa kwa kitu kingine kisicho saa.

Kitu hicho kipo. Nyuzi za shati la Kennedy upande wa mgongoni zilisukumwa kwenda ndani, na zile za mbele chini ya kola zikasukumwa kwenda nje, jambo linaloonyesha risasi iliingia nyuma na kutokea kooni. Haikugonga mfupa mkubwa, hivyo ilitoka ikiwa bado na kasi kubwa. Ilikwenda wapi? Ndani ya gari zilikutwa athari za vipande tu, kwenye kioo cha mbele na fremu yake, wala hakuna tundu la risasi nzima. Mbele yake palikuwa na mgongo wa Connally, ambaye kiti chake cha kukunjwa kilikuwa chini kidogo na ndani zaidi kuliko cha rais. Michoro inayowaweka wawili hao katika mstari mmoja ulionyooka na kuifanya risasi ipinde hewani imekosea viti, na baada ya kosa hilo hakuna cha kujadili. Jeraha la mgongoni mwa gavana lilikuwa refu kuliko pana, dalili ya risasi iliyoingia ikiwa imeyumba. Hapa hoja ni dhaifu kidogo, maana risasi inayoingia kwa mshazari nayo huacha alama ndefu. Swali la risasi ilikokwenda ndilo zito, na wanaokataa njia hii hawajalijibu. Kati ya wanapatholojia tisa wa kamati ya 1979, ni mmoja tu, Cyril Wecht, aliyeikataa.

Pingamizi kubwa ni risasi yenyewe, kielelezo namba 399, iliyookotwa kwenye machela hospitalini Parkland. Ina gramu 10.28 hivi, wakati mpya huwa na takriban 10.4, nayo inadaiwa ilivunja ubavu wa tano wa Connally na mfupa wa kifundo cha mkono. Wawili kati ya madaktari waliomfanyia rais uchunguzi wa maiti, Humes na Finck, walieleza mashaka mbele ya Tume kwamba risasi hiyo ingeweza kuacha vipande kwenye kifundo. Tena wafanyakazi wa hospitali walioishika mwanzo hawakuweza baadaye kuithibitisha kwa hakika. Udhaifu huo ni wa kweli, na mahakamani wakili hodari angeutumia vilivyo. Lakini haugusi njia ya risasi. Kama 399 ingeondolewa kabisa mezani, nyuzi za shati, viti na ukosefu wa tundu garini vingebaki pale pale. Jaribio la kuiokoa kwa kemia halikusaidia: vipimo vya nyutroni vya Vincent Guinn, vilivyounganisha vipande vya kifundo na 399, vilipingwa na wataalamu wa metali na takwimu miaka ya 2006 na 2007, na leo ni busara kutovitegemea.

Connally mwenyewe alisisitiza hadi kufa kwamba risasi iliyompiga siyo ile ya kwanza aliyoisikia. Ushuhuda huo hutajwa kama pigo kwa Tume, kumbe haupingani na risasi moja. Alisema alisikia mlio, akageukia kulia, hakumwona rais, akaanza kurudi kushoto ndipo akapigwa. Kama mlio wa kwanza ulikosa, maelezo yake yanakaa sawa, na filamu inamwonyesha akigeuza kichwa kulia muda mfupi baada ya fremu ya 160. Kwenye fremu ya 224 ukingo wa koti lake unaruka, na mara tu baadaye mikono ya Kennedy inapanda. Kwa nini mpigaji akose akiwa karibu zaidi? Swali ni la haki, na majibu yaliyotolewa, kama tawi la mti, hayana kipande cha risasi cha kuyathibitisha. Lipo pingamizi gumu zaidi: mashahidi wengi walisema milio miwili ya mwisho ilifuatana kwa karibu, ilhali mpangilio wa 160, 224 na 313 unaweka nafasi ndefu mwishoni. Risasi yenye kasi kuliko sauti hutoa milio miwili, wake na wa mtutu, na uwanja ule ulizungukwa na majengo yanayorudisha mwangwi. Hilo linapunguza uzito wa masikio, haliufuti.

Kuhusu kichwa kurudi nyuma baada ya fremu ya 313, ambako wapinzani hukuona kama dalili ya risasi kutoka mbele, mwanafizikia Luis Alvarez alionyesha mwaka 1976, kwa kufyatulia matikiti, kwamba kitu kinaweza kurudi upande wa bunduki kwa msukumo wa kinachorushwa mbele. Jaribio linathibitisha uwezekano, si tukio. Josiah Thompson, aliyepima mwaka 1967 kichwa kikisogea mbele kwanza, baadaye aliona kwamba ukungu wa kamera kutikisika ndio uliomdanganya. Tofauti ya fremu moja ni msingi mwembamba kwa upande wowote.

Saa ya pili ilikuwa ya sauti. Kipaza sauti cha pikipiki ya polisi kilikwama kikiwa wazi, na mwaka 1978 na 1979 wataalamu wa kamati walitambua kwenye utepe wa redio ya polisi mishtuko minne, mmoja wakiuhusisha na kijilima chenye nyasi kilichopo uwanjani hapo kwa uwezekano wa asilimia 95. Mwaka 1982 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi chini ya Norman Ramsey lilionyesha kwamba penye mishtuko hiyo pamenaswa maneno ya mkuu wa polisi wa kaunti, Bill Decker, aliyoyatamka kwenye masafa mengine takriban dakika moja baada ya mauaji. Mwaka 2001 D. B. Thomas alijaribu kuufufua ushahidi huo, akajibiwa mwaka 2005 na baadhi ya wajumbe wa jopo lile lile. Ile asilimia 95 ilikokotolewa kwa ulinganifu wa mwangwi na ramani ya uwanja. Haikuwa imeuliza kama utepe ulikuwa ukirekodi dakika inayohusika.