Koili ya Tatu

Ford Model T, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1908, lilikuwa na sanduku la mbao mbele ya dereva. Ndani yake zilikaa koili nne, kila silinda na yake, na juu ya kila koili kulikuwa na kijibati kilichotetemeka na kuvuma kama nyuki kila zamu yake ya kutoa cheche ilipofika. Injini ikianza kumisi, dereva alibonyeza kijibati kimoja kwa kidole hadi kikanyamaza, kisha akasikiliza. Injini ikizidi kuyumba, silinda ile ilikuwa nzima, maana ameinyang'anya kazi iliyokuwa ikiifanya. Akibonyeza kingine na mlio usibadilike hata kidogo, mvivu amepatikana. Hapo alichomoa koili hiyo na kuihamishia nafasi ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, mbovu ni koili. Ukibaki palepale, atazame plagi au waya.

Nimeanza na sanduku hilo kwa sababu kazi ileile niliiona ikifanyika Babati, zaidi ya miaka 100 baadaye, kwenye gari lenye turbo na kompyuta, huku fedha ya mbaazi za msimu mzima za kaka yangu ikisubiri jibu.

Ford hizo zilifika Afrika Mashariki mapema. Waingereza walizitumia kwa wingi katika vita vyao na Wajerumani. Aprili 1916 kikosi cha Jenerali Jaap van Deventer kilitoka Arusha, kikapita Ufiome, chini ya mlima ambao watu wa Babati wanauita Kwaraa, na tarehe 19 kikaingia Kondoa Irangi. Masika yakaiharibu barabara nyuma yao, magari yakakwama, mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Vitabu vya vita ile vinawataja majenerali na mvua. Fundi aliyechutama topeni akibonyeza koili moja baada ya nyingine havimtaji, na mimi ndiye ningependa kumsoma.

Koili yenyewe ni ya zamani kuliko gari. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba umeme ukiwashwa na kuzimwa katika waya mmoja, huamsha umeme katika waya wa jirani. Miaka mitano baadaye padri Nicholas Callan, mwalimu wa sayansi huko Maynooth, Ireland, alizungusha waya mnene na mwembamba kwenye chuma kimoja akapata cheche kubwa kutoka kwenye betri ndogo. Heinrich Ruhmkorff akaiboresha na kuiuza jijini Paris, na mwaka 1860 Étienne Lenoir akaitumia kuwasha injini yake ya gesi. Tangu hapo ikaanza kuharibika barabarani. Mwaka 1888 Bertha Benz alilichukua gari la mumewe bila kumwambia, akasafiri na wanawe wawili zaidi ya kilomita 100 kutoka Mannheim hadi Pforzheim. Inasimuliwa kwamba waya wa kuwasha moto ulipochunika njiani, aliufunika kwa utepe wa kufungia soksi zake. Safari ndefu ya kwanza ya gari, na tayari tatizo ni moto.

Kisha Charles Kettering akabadili mambo. Katika Cadillac ya mwaka 1912 aliweka koili moja tu, na distributa ya kugawa cheche kwa kila silinda kwa zamu. Ulikuwa mpango wa bei nafuu na ulidumu kwa miongo mingi. Kwa fundi, hata hivyo, ulikuwa na hasara moja: koili ikifa, gari zima linakufa, na huna koili ya jirani ya kulinganisha nayo. Land Rover na Peugeot nyingi zilizopita barabara ya Babati enzi za vumbi zilikuwa hivyo. Miaka ya 1980 Saab ya Sweden ikaanza kuweka koili moja juu ya kila plagi katika magari yake ya turbo, wengine wakafuata. Bila kusema hivyo, dunia ilikuwa imerudi kwenye sanduku la mbao.

Haikuwa bahati kwamba jambo hilo lilianzia kwenye turbo. Mwaka 1889 Mjerumani Friedrich Paschen aligundua kwamba umeme unaotakiwa ili cheche iruke hutegemea mambo mawili yakizidishwa: ukubwa wa pengo na mgandamizo wa hewa iliyomo. Turbo kazi yake ni kushindilia hewa. Kwa hiyo koili iliyochoka huwasha vizuri gari likiwa limesimama, huenda vizuri kwenye tambarare, na hushindwa pale tu unapokanyaga mafuta na turbo ikapuliza.

Ndivyo lilivyokuwa gari la kaka. La Kijapani, la mtumba, silinda nne, mbio zake zinazidi akili ya mwenyewe. Kuelekea Magugu lilikwenda kama maji. Kwenye kupanda Bereko, ile njia ya Kondoa na Dodoma ambayo lami yake ilizinduliwa mwaka 2018, likaanza kudunda kama mtu anayekabwa koo, taa ya injini ikipepesa nyekundunyekundu ya njano. Gereji moja ya mbali ilimwambia turbo imekufa, abadilishe yote. Kaka alishapiga hesabu: zile mbaazi zingetosha, ila ada ya mtoto ingesubiri.

Fundi wa Babati, mzee aliyejifunzia kwenye distributa, aliitikia shikamoo zetu, akaomba ufunguo, akazunguka na gari hadi njia panda ya Singida na kurudi.

"Turbo ikifa gari linakuwa zito, halidundi," alisema. "Hili pumzi linayo. Linalokosa ni moto."

Kijana wake akachomeka mashine ndogo chini ya usukani. Ikaleta P0303: silinda ya tatu haiwaki ipasavyo. Kaka akataka koili inunuliwe papo hapo. Mzee akakataa. "Mashine inakwambia nani analia. Haikwambii kinachomliza."

Alikuwa sahihi, kwani namba ile ingetokea vilevile kwa plagi mbovu, pua ya mafuta iliyoziba, au silinda iliyokosa mgandamizo. Akafungua plagi zote nne. Pengo la ile ya tatu lilikuwa limebanwa kuliko la wenzake. Mtu fulani alijua koili imechoka, akapunguza pengo ili cheche iruke kwa urahisi. Kwa Paschen hiyo ni hesabu sahihi, kwa mwenye gari ni dawa ya kuficha homa. Mzee alilipima na kulirudisha kama zile nyingine, akatoa koili ya tatu akaiweka silinda ya kwanza, ya kwanza akaiweka ya tatu, akafuta kumbukumbu ya kompyuta na kutuagiza tukapande Bereko.

Tulipofika katikati ya mlima gari likadunda. Nilikuwa na mashine mapajani. P0301.

Kaka alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyerudishiwa fedha. Hakukanyaga tena, petroli isiyoungua hukimbilia kwenye ekzosi na kukipikia humo kisafisha moshi, nacho si cha bei ndogo. Tulishuka taratibu.

Koili ilipopanguliwa mchana ule ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kwenye shingo yake, na kandokando ya ufa mchirizi wa kijivu, njia ambayo umeme ulikuwa ukitorokea pembeni badala ya kushuka kwenye plagi. Ilikuja mpya kwa basi la jioni kutoka Arusha. Mzee aliitia ile iliyopasuka kwenye kopo la rangi, juu ya vifuniko vya distributa ambavyo hakuna atakayevihitaji tena, nami nikamsimulia habari za sanduku la mbao.

Alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: silinda zake ziliwaka kwa mpangilio gani?

"1-2-4-3," nilimjibu.

Akahesabu kwa vidole. "Hizi za sasa nyingi ni 1-3-4-2," alisema, na kumwita kijana wake aje afunge bati la juu.